Mto, Kijito, Korongo: Maji Madogo ya Enguserosambu na Kazi ya Kamusi



Mhadhara wa taaluma ya Kiswahili aghalabu huwaandaa wasikilizaji kwa safari ya kwenda Lamu, Mombasa au Unguja. Jioni hii nawaomba tupande badala ya kushuka. Nitazungumzia vijito vinavyoanzia katika msitu wa Enguserosambu, Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Ni maji madogo kiasi kwamba ramani nyingi huyachora kwa mstari mwembamba wa nukta na kuyaacha bila jina. Mimi si mtaalamu wa haidrolojia, na wataalamu wa fani hiyo waliomo humu watanisahihisha nikipotoka. Ninachofuatilia ni maneno. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili Sanifu kililelewa kando ya maji ya pwani, kikapanda bara na maneno yale yale machache, na kwamba tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria za Tanzania mwaka 2021, uchache huo umeacha kuwa jambo la watunga kamusi peke yao.

Tuanze na ardhi yenyewe. Enguserosambu ni kata iliyo upande wa mashariki wa Loliondo, si mbali na mpaka wa Kenya. Wakazi wake kwa sehemu kubwa ni Wamasai. Wanafuga, na siku hizi wengi wao wanalima pia mahindi na maharage. Msitu wao ni wa milimani: mitarakwa, mizeituni mwitu, mipodo, na vichaka vizito mabondeni. Ukivuka mpaka unauona msitu uleule ukiendelea upande wa Narok kwa jina jingine, Entim e Naimina Enkiyio, yaani msitu wa mtoto aliyepotea. Masimulizi husema binti alikwenda kuchunga ndama, ndama wakarudi nyumbani na yeye hakurudi. Uliougawa msitu huu ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886, ambao ulipiga mstari kutoka upande wa Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria kwa rula, bila kuuliza maji yanaelekea wapi.

Nayo maji yana mpaka wao. Nyanda za juu za Loliondo ni mgongo wa kugawa maji. Mvua inayonyesha magharibi ya mgongo huo huingia katika mikusanyiko ya mito Mara na Grumeti, hufika Ziwa Victoria, na kwa hesabu ndefu huweza kuonekana Misri. Mvua inayonyesha mashariki haina safari ya namna hiyo. Hushuka kuelekea Bonde la Ufa na Ziwa Natron, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, ambalo maji yake huondoka kwa njia moja tu, nayo ni jua. Ndiyo maana ziwa hilo limejaa magadi, na ndiyo maana heroe huzaliana pale: maadui wao hawayawezi maji yale. Ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Loliondo inapita mita 2,000. Katika mteremko huo wa masafa mafupi, kijito kinachotoka msituni kikiwa baridi na safi hupita katika nchi inayozidi kuwa kavu kila hatua. Baadhi yake hufika. Baadhi huingia mchangani na kupotea, kikatokea tena mbele kama chemchemi au unyevu tu chini ya miti, na baadhi hutembea kwa majuma machache ya masika kisha kubaki njia tupu ya mchanga na mawe.

Ukitazama kutoka chini, yaani kutoka ziwani, maji yanayoingia Natron yana majina yanayojulikana. Upande wa kaskazini kuna Ewaso Ng'iro ya Kusini, inayotoka katika msitu wa Mau nchini Kenya. Kusini-magharibi kuna Engare Sero. Magharibi, ukishuka kutoka nyanda za Sonjo na Sale, kuna Peninj, mto mdogo ambao wanaakiolojia wanaufahamu kuliko watu wengi wa Arusha, maana ni katika mashapo yake ambapo Kamoya Kimeu aliokota taya la zamadamu mnamo Januari 1964, akiwa katika msafara wa Richard Leakey na Glynn Isaac. Lakini panda juu, ukiacha mito hii na kufuata mikono yake hadi msituni, na majina yanakoma kwenye ramani. Hayakomi midomoni mwa watu. Hapo ndipo penye kazi yetu.

Niseme kidogo kuhusu majina hayo, kwa sababu ni shule. Neno la Kimasai enkare, ambalo wachora ramani waliliandika engare au ngare, maana yake ni maji. Engare Nanyuki ni maji mekundu, Engare Nairobi ni maji baridi, na Engare Narok ni maji meusi. Jina hili la mwisho limeingia mjini Arusha na kupunguka hadi kuwa Ngarenaro, kata ambayo wakazi wake wengi, nadhani, hawajapata kufikiri kwamba wanaishi ndani ya sentensi ya Kimasai. Ng'iro katika Ewaso Ng'iro ni rangi ya kahawia yenye kijivu. Na sambu, lililomo katika jina Enguserosambu na tena katika Oldonyo Sambu, ni jina la ng'ombe mwenye rangi za kuchanganyika, mabaka juu ya mabaka. Mfugaji aliyetaja nchi yake alitumia kipimo alichokuwa nacho kila asubuhi zizini. Kwa upande wetu, Waswahili tumetaja mito yetu kwa kilichotupata au kilichotufaa pale: Mto wa Mbu, kwenye barabara ya kwenda Karatu, haukuitwa hivyo na mtu aliyelala vizuri.

Sasa tazama kinachotokea lugha hizi mbili zinapokutana katika ofisi ya ramani. Afisa huandika Mto Engare Nanyuki. Kwa Kimasai maji yamekwishatajwa, na kwa Kiswahili mto umetajwa, kwa hiyo tuna mto-maji-mekundu. Hili si kosa la kuchekesha tu. Ni dalili kwamba mwandishi hakusikia neno la kwanza kama neno. Akalichukua kama sauti. Na neno ambalo halisikiki kama neno halihesabiwi kuwa na maana, kwa hiyo halileti taarifa yoyote kwenye faili. Wasso, mji ulio jirani na Loliondo, kwa kila dalili unabeba neno lilelile ewaso, mto. Kimasai kina na neno jingine, olkeju, linalotajwa kuwa asili ya jina la Kajiado huko Kenya, nalo ni ndugu wa enkeju, mguu. Sisi tumeipa bahari mkono inapoingia nchi kavu. Wao wameupa mto mguu, na kwa kweli mto wa huko hutembea: leo uko hapa, kesho umehama, keshokutwa umekwenda zake.

Je, mkondo uliotumwa na neno la Kiswahili uko wapi? Nitataja maneno matatu tu.

La kwanza ni mto. Kwa mtu wa pwani, mto ni maji yaliyopo. Unaweza kujaa na kupungua, hasa pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka, lakini hauachi kuwapo. Mtoni ni mahali panapojulikana, iwe Unguja au Dar es Salaam. La pili ni kijito, na hapa sarufi yetu inatuambia jambo: ni udogo tu. Mzizi ni uleule, tumeuwekea ki- na ji- kama tufanyavyo kwa mti na kijiti. Kijito ni mto uliopungua kimo, kama mtoto alivyo mtu aliyepungua kimo. Neno hilo halisemi lolote kuhusu muda. Mto mpana wenye maji siku ishirini kwa mwaka si kijito, na kijito cha Enguserosambu kisichokauka hata Septemba si mto kwa macho ya mgeni. Kwa Kiswahili tunapima upana. Kwa nchi ile, kinachoamua uhai wa ng'ombe ni kalenda.

La tatu ni korongo, na hili ninalipenda kwa namna ya pekee. Watu wa kaskazini, wanapozungumza Kiswahili, hulitumia kwa njia iliyochimbwa na maji, yenye kingo zilizosimama, ambayo maji hupita na kuondoka. Neno hili lilipata safari ya ajabu katika wilaya hiihii ya Ngorongoro. Wakina Leakey, walipokuwa wakitafiti katika bonde la Olduvai, jina litokanalo na oldupai, yaani mkonge mwitu kwa Kimasai, waliyapa makorongo yake majina kwa kutumia neno la Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tokyo au Berkeley anaposoma FLK, mahali ambapo Mary Leakey alilipata fuvu maarufu mnamo Julai 1959, herufi ile K ni korongo: Frida Leakey Korongo. MNK ni Mary Nicol Korongo, na BK ni Bell's Korongo. Ni maneno machache sana ya Kiswahili yaliyoingia katika majarida ya sayansi ya dunia kwa maana yake kamili, bila kutafsiriwa, na mojawapo ni la maji yasiyokuwapo. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tunalidharau. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia huwaza kwanza ndege mwenye miguu mirefu.

Mtu ataniambia kwamba liko neno mfo. Ni kweli, liko, nalo ni zuri: mkondo wa ghafla wa mvua, na njia yake. Lakini liulizeni neno hili barabarani, Arusha au hata Tanga, mtaona sura zitakazowatazama. Kamusi inaweza kuhifadhi neno kama ghala linavyohifadhi mbegu ambayo haikupandwa tena.

Mabibi na mabwana, majirani wa Wamasai wa Loliondo ni Wabatemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo. Wako Samunge, Digodigo, Sale na vijiji vingine chini ya milima. Samunge wengi mnaikumbuka kwa kikombe cha Babu mwaka 2011, ambapo magari yalipanga foleni za siku kadhaa. Ningependa ikumbukwe pia kwa sababu ya zamani zaidi. Lugha ya Wabatemi ni ya Kibantu, kisiwa kidogo katikati ya Kimasai, na watu hawa wamekuwa wakilima kwa mifereji kwa muda ambao hakuna anayeweza kuukadiria kwa kumbukumbu. Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Wasonjo, alieleza kwamba maji ya mifereji yaligawiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, na kwamba mamlaka ya kijiji kizima yalisimama juu ya ugawaji huo. Msikilizaji wa Kiswahili atalisikia neno hilo karibu sana na "wenye miji". Kwa hiyo mwenye mji, kwa lugha hii, ni mwenye zamu ya maji mkononi.

Wabatemi hawako peke yao. Kusini yao, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna magofu ya Engaruka, mashamba ya mawe na mifereji yaliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, yaliyotegemea vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Mashamba hayo yalienea kwa kilometa za mraba zipatazo 20. Waliyalisha kwa maji ambayo ofisa wa leo angeyaandika "kijito" na kufunga daftari. Sijui hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kumwonyesha mtu kwamba udogo wa mto hauonyeshi ukubwa wa kazi yake.

Sasa nifike kwenye sheria, maana huko ndiko maneno haya yanakopata meno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa ukingo huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeendeleza msimamo huohuo. Vijijini sheria hizi zina jina moja fupi: "mita sitini". Nia yake ni njema, nami siipingi. Mtu akifyeka kingo za kijito cha msituni, kijito kitakufa, na ng'ombe wa kijiji cha chini watakufa baada yake.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Chukua njia ya maji yenye upana wa mita 2 tu. Mita 60 kila upande ni mita 120. Kwa kila kilometa moja ya njia hiyo, eneo linaloguswa na katazo ni hekta 12. Kwa kaya inayolima robo hekta ya mahindi bondeni, kwa sababu bondeni ndiko penye udongo, tofauti kati ya "mto" na "korongo" ni tofauti kati ya kuwa na shamba na kutokuwa nalo. Geuza upande wa pili: jamii inayotaka kuwazuia wengine wasifyeke chanzo chake msituni itapenda kijito kile kiitwe mto, tena kwa herufi kubwa. Kila upande una neno unalolitaka. Mgogoro ukifika mbele ya baraza la kijiji, hubishaniwa kwa Kiswahili, na watu ambao kwa lugha yao ya kwanza wana maneno tofauti kwa maji ya kudumu, maji ya msimu, njia kavu na mahali pa kuchimba kisima mchangani, wanalazimika kuvipitisha vitu vinne katika mlango mmoja.

Zamani tungeweza kujitetea kwamba sheria yenyewe iko kwa Kiingereza, na kwamba mahakama itatazama Kiingereza. Utetezi huo ulipungua nguvu mwaka 2021, Bunge lilipofanya mabadiliko yaliyoweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, na wanaoifanya wanastahili heshima. Ila mtafsiri anayefikia istilahi za Kiingereza zinazotenganisha mto, kijito, njia ya maji na mkondo wa msimu atafungua kamusi zetu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015, na kabla ya hizo tulikuwa na ile ya Johnson ya mwaka 1939. Ni kazi za watu walioipenda lugha. Lakini zote zinasimama juu ya msingi wa Kiunguja, na Unguja haina njia ya mchanga inayolala kavu miezi tisa kisha ikachukua lori usiku mmoja.

Kuna watakaosema tutunge "mto wa msimu" na tuondoke. Ni fungu la maneno linalotumika, na ofisi za mabonde ya maji zinalielewa. Hata hivyo linarudia kosa la ramani: linaanza kwa kusema ni mto, kisha linapunguza. Korongo la Loliondo halikuwahi kuwa mto uliopungukiwa. Ni kitu chenye hali yake. Aidha, fungu hilo haliwezi kueleza kile kijito cha Enguserosambu ambacho kina maji mwaka mzima kwa kilometa chache ndani ya msitu, kisha nje ya msitu ni kikavu. Hapo msimu hauhusiki. Kinachohusika ni mahali. Njia ileile ni mto juu na korongo chini, na mpaka kati yake husogea kadiri miti inavyosimama au kuanguka. Ukitaka kujua msitu unaendeleaje, usihesabu miti, tazama mahali maji yanapoishia Septemba. Wachungaji wanajua mahali hapo kwa hatua.

Kiswahili kimewahi kujifunza kutoka huko, kwa hiyo siombi muujiza. Neno mtarakwa tumelipata kwa oltarakwai wa Kimasai. Wafanyabiashara wa mbao huuza mti uitwao loliondo, aina ya mzeituni wa msituni, na jina hilo la mti ndilo jina la tarafa ninayoizungumzia. Mbao zilipokuwa na bei, maneno ya mbao yalishuka mlimani upesi sana bila kusubiri kamati. Maji hayauzwi kwa futi, labda ndiyo maana maneno yake yamebaki juu.

Ninaloomba, basi, ni dogo na lina gharama inayojulikana. Vyuo vyetu vipeleke wanafunzi wa isimu pamoja na wanafunzi wa jiografia, wawili wawili, katika vijiji vya Enguserosambu, na vya Wabatemi chini yake, na vilevile Mang'ola huko Karatu, ambako chemchemi za kando ya Ziwa Eyasi hulisha mashamba ya vitunguu. Wasiende na dodoso la maneno mia yaliyopangwa tayari kwa Kiswahili, kwa sababu dodoso la namna hiyo litarudi na Kiswahili kilekile lilichokwenda nacho. Waende mwezi wa Aprili na warudi tena mwezi wa Septemba, waifuate njia moja ya maji kutoka msituni hadi inapopotea, na katika kila mahali inapobadilika waulize: hapa panaitwaje? Waandike Kimasai, Kitemi na Kiiraki kama vinavyosemwa, pamoja na Kiswahili ambacho watu hao wenyewe hukitumia wanapomweleza mgeni, maana Kiswahili hicho cha Loliondo ni Kiswahili, si makosa ya kusahihishwa. Orodha hiyo ipelekwe BAKITA na kwa wanaotafsiri sheria.

Nina neno moja ninalolitafuta kwa hamu kuliko mengine. Ni jina la mahali ambapo maji yameingia mchangani lakini bado hayajaenda mbali, mahali ambapo mtu akichimba kwa mkono atapata maji ya kunywesha ndama. Mahali hapo si mto, si kisima wala si chemchemi. Kwa sheria ya sasa sioni kifungu ambacho mtu angeweza kupataja, na kwa hiyo sioni jinsi angeweza kupalinda mtu akija kuchota mchanga wa kujengea.